Nchi kavu, mtumbwi, mtoni au Rubondo: kuvua kwa ndoano kuzunguka Mwanza, msimu kwa msimu

Ukiwa Mwanza maji huyatafuti, yako kila kona unayogeukia. Kinachotafutwa ni pa kusimama. Ufukwe mwingi wa mjini umeshikwa na hoteli, maghala, bandari na nyumba za watu, na palipobaki wazi, ikifika saa 5 asubuhi upepo unaweza kuwa umeshakufukuza. Ndiyo maana anayeuliza "nikavue wapi?" hupewa majibu yasiyofanana. Wa Kirumba atamwambia akodi mtumbwi. Wa Magu atamwambia asubiri mvua aende mtoni. Mwenye gari na akiba atamtajia Rubondo, kisiwa cha hifadhi ya taifa. Wote wana hoja, ila kila mmoja anajibu kwa majira yake na mfuko wake.

Ulinganisho huu ni wa anayevua kwa ndoano na mshipi, awe anatafuta kitoweo au anapumzisha akili. Uvuvi wa nyavu ni shughuli nyingine, ina masharti yake.

Tunapima nini

Njia nne zitapimwa kwa mambo yaleyale. Kwanza mlango: unafikaje majini bila kuvunja sheria wala kugombana na mwenye eneo. Pili majira: miezi ipi njia hiyo inalipa na ipi inakulaza njaa. Tatu samaki na vifaa. Nne panapoharibika, kwa sababu kila njia ina namna yake ya kukuumiza au kukupotezea siku. Mwisho, inamfaa nani. Gharama haikupewa kichwa chake: bei ya mtumbwi hupatanwa papo hapo na ada za hifadhi hubadilika, kwa hiyo inatajwa pale inapoamua jambo.

Majira kwanza, maana yanagusa njia zote

Ziwa Victoria ni pana, kilomita za mraba 68,800, lakini si la kina kirefu: wastani ni mita 40 hivi, na penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 80. Ziwa la namna hiyo linaendeshwa na upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu, maji ya juu yanapoa, na ziwa zima linachanganyika kutoka juu hadi chini. Hewa inafika mpaka kwenye tope la chini, na sangara anapata nafasi ya kutawanyika hadi kwenye vilindi. Mwenye mshipi mfupi ndiye anayeachwa.

Kuanzia Oktoba hali inageuka. Maji ya juu yanapata joto na kulala juu ya yale ya baridi kama blanketi. Hayachanganyiki tena, na kule chini hewa inapungua taratibu, hasa kati ya Januari na Aprili. Samaki hawezi kukaa pasipo na hewa, kwa hiyo anapanda na kusogea pembeni. Ndiyo sababu vuli, kiangazi kifupi cha Januari na Februari, na masika ya Machi hadi Mei humletea mvuvi wa ndoano samaki karibu zaidi kuliko Julai. Sato hahangaishwi sana na mambo hayo kwa kuwa ni mkazi wa pembeni mwaka mzima, lakini mvua zikinyesha na maji yakapanda kwenye majani, humfuata mdudu na mmea hukohuko kwenye majani.

Mara mojamoja dhoruba hupindua maji ya chini yakaja juu yakiwa hayana hewa, na asubuhi unakuta sangara wanaelea. Sangara hutangulia kufa kwa sababu anahitaji hewa nyingi, ilhali kambale na kamongo hawatikisiki. Samaki wa kuokota namna hiyo usimpeleke jikoni, hujui amekufa lini wala kwa nini.

Kisha kuna upepo wa kila siku, ambao wageni wengi hawauhesabu. Usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, na alfajiri ufukweni panakuwa shwari. Jua likipanda mambo yanageuka: kuanzia saa 4 au 5 asubuhi upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mchana mawimbi yanapiga mawe. Kati ya Juni na Agosti usitegemee hata utulivu huo wa asubuhi. Na msimu wa mvua, radi kubwa za ziwani hazingoji mchana kama za nchi kavu. Hukusanyika katikati ya ziwa usiku, pepo za pande zote zinapokutana huko, na zinaweza kuwa bado zinanguruma alfajiri unapotia kasia majini. Tazama upeo kabla ya kuondoka, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa watumiaji wa Ziwa Victoria usikilizwe jioni ya kuamkia safari.

Ruhusa zinazofanana kote

Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009. Kabla ya kununua ndoano ya kwanza, pita kwa ofisa uvuvi wa halmashauri unayokusudia kuvua (Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Sengerema au nyingine) umuulize leseni inayokuhusu, maana anayevua kwa burudani na mwenye chombo cha biashara hawawekwi kundi moja. Kwenye mialo, kule mitumbwi inakoshusha samaki, yuko pia BMU, ule uongozi wa wavuvi wenyewe unaosimamia rasilimali za eneo lao. Usiwapite. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo mzee. Tumekuja kuvua kwa ndoano pale kwenye mawe, tunaomba kuonana na uongozi wa BMU."

"Marahaba. Leseni mnayo?"

Ukiwa nayo, kinachofuata ni kuonyeshwa pa kusimama na pa kutokanyaga: mazalia, nyavu za watu, vizimba vya kufugia sato. Ukiwa huna, utarudishwa, na ni afadhali urudishwe mapema kuliko ukiwa tayari na samaki ndooni.

Vipimo navyo havina mjadala. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuchukuliwa. Samaki hupimwa kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Badala ya kubeba futikamba, chonga alama mbili kwenye mwanzi wako kwa kisu, moja ya 25 na moja ya 50 kutoka kitakoni. Samaki unamlaza juu ya mwanzi, jibu unalo. Nyavu za kokoro na timba, sumu na baruti ni marufuku. Ukikuta vinatumika karibu nawe, hama, maana doria ikifika haitaanza kwa kuuliza nani ni mgeni.

Njia ya kwanza: kwenye mawe, nchi kavu

*Mlango.* Mwanza ni mji wa mawe na mengi yanaingia majini, lakini kufika kwenye jiwe ndiyo kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira. Wengi huisoma kama hati ya kupita popote. Haikupi haki ya kuruka uzio wa mtu. Milango halisi ni mialo kama Igombe na Kayenze upande wa Ilemela, fukwe za umma, na maeneo ya mapumziko ambako unalipa kiingilio au unanunua soda na kuomba ruhusa. Hapa mjini, visiwa na maji ya Hifadhi ya Saanane yana mipaka yake, usirushe ndoano kuelekea huko kwa kuwa tu ni karibu. Jambo jingine: ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, kwa hiyo mahali ulipoonyeshwa zamani pengine pamemezwa, na jiwe lililokuwa kavu sasa lina utelezi wa mwani.

*Majira.* Njia hii ndiyo pekee inayofanya kazi mwaka mzima, ila kwa saa tofauti. Oktoba hadi Mei una asubuhi nzima na jioni kuanzia saa 11. Juni hadi Agosti una kipande cha saa 12 hadi saa 4 asubuhi, tena upande wa jiwe usioelekea upepo.

*Samaki na vifaa.* Mlengwa ni sato, na ukibahatika gogogo, furu wakubwa na sangara wadogo wa kurudisha. Mwanzi wa mita 4, uzi wa milimita 0.25, ndoano namba 8 hadi 10 (namba ikipanda ndoano inapungua), risasi moja ndogo ya kuzamishia uzi, na boya. Boya zuri kabisa ni kipande cha kandambili kuukuu, ukubwa wa kidole gumba, kilichotobolewa katikati na kuzibwa kwa njiti ili ukipandishe na kukishusha kwenye uzi.

Kosa la wengi ni kina. Sato anadonoa karibu na chini, lakini ndoano ikilala kabisa inaingia kwenye nyufa za mawe na haitoki. Pima hivi: pandisha boya, tupa, tazama. Boya likilala ubavu, risasi imefika chini. Shusha boya kidogo kidogo, ukitupa kila mara, mpaka lisimame wima, kisha lishushe sentimita 20 zaidi. Sasa chambo kinaning'inia juu kidogo ya sakafu. Panapompendeza sato pana kina cha mita moja na nusu hadi tatu. Chambo ni minyoo ya bustani yenye unyevu, kipande kifupi kinachofunika ndoano bila kuning'iniza mkia mrefu, maana sato ana mdomo mdogo na ataula mkia akuachie chuma. Minyoo ikiisha, ugali mgumu uliokandwa hadi ukawa kama gundi unafaa. Minyoo ikae kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu, kivulini. Ikipikwa na jua haikai kwenye ndoano.

Boya la sato halizami kwa kishindo. Linatikisika mara mbili tatu, linatulia, kisha linatembea kando kama linaloburutwa na mtu asiye na haraka. Hapo ndipo unainua mwanzi, kwa kifundo cha mkono, si kwa bega.

*Panapoharibika.* Ndoano kunasa kwenye mawe ndilo tatizo la kila siku. Funga risasi kwa kiuzi chembamba cha pembeni, dhaifu kuliko uzi mkuu: ikinasa, inakatika yenyewe na unabaki na ndoano na samaki. Gogogo ana miiba mitatu inayojifunga wima. Usimkamate kwa kiganja, mkanyage kwa kiatu juu ya kitambaa na utoe ndoano kwa koleo. La maana zaidi ni kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji mafupi yenye majani, na vijidudu hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi iliyokwisha kupata jua hadi mchana. Kaa juu ya jiwe, usiingie majini kutegua ndoano saa 6 mchana. Ukilazimika kuingia, pima zahanati baada ya wiki kadhaa, dawa yake ni prazikwanteli. Jioni ondoka kabla giza halijashika sehemu zenye majani marefu, kiboko hutoka kula saa hizo na hapendi kukuta mtu kati yake na maji.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye watoto (wawe nyuma ya mstari wa utelezi), mwenye hela kidogo, na mwenye saa tatu tu kabla ya kazi. Haimfai anayeota sangara wa kilo 20.

Njia ya pili: mtumbwi wa kasia, Ghuba ya Mwanza

*Mlango.* Unapatikana mwaloni, kwa kukodi mtumbwi pamoja na mwenyewe. Usikodi chombo bila mtu wake: yeye ndiye anayejua makila (nyavu za kutega) ya jirani yamelala wapi, na kugusa wavu wa mtu ni kesi. Bei ipatanwe kabla, kwa saa au kwa asubuhi nzima, na ikubaliwe mapema samaki ni wa nani. Hilo la mwisho husahaulika na ndilo linaloleta maneno wakati wa kugawana.

*Majira.* Ghuba ina urefu wa kilomita 60 hivi na imelala kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo upepo unaokuja kutoka ziwani hupata njia ndefu ya kujenga mawimbi, na mdomo wa ghuba ndio unaoumia kwanza. Miezi mizuri ni Oktoba hadi Februari, ukiondoka saa 12 na kurudi kabla ya saa 5. Masika samaki wapo, ila radi zinakula siku nyingi. Juni hadi Agosti kaa kwenye vighuba vidogo vilivyojificha pembeni au acha kabisa. Msimu wowote, magugu maji yanaweza kufunga mwalo usiku mmoja upepo ukigeuka. Mtumbwi wa kasia ukiwa ndani yake hauendi mbele wala nyuma, kwa hiyo yakionekana yanasogea, rudi kabla hayajakuzunguka.

*Samaki na vifaa.* Sangara, sato wakubwa, kambale. Mshipi wa mkono wa milimita 0.7 hadi 0.9, mita 50 zilizozungushwa kwenye kipande cha mbao, ndoano kubwa ya 2/0 hadi 4/0 (kwenye hizi za /0 namba ikipanda ndoano inakua), na mbele ya ndoano nusu mita ya uzi mnene zaidi, kwa sababu mdomo wa sangara ni msasa na husaga uzi mwembamba. Chambo ni samaki mdogo aliye hai. Anachomwa kidogo nyuma ya pezi la mgongoni, juu ya uti, ili aendelee kuogelea. Ukichoma uti, amekufa, na sangara hufuata zaidi kinachokimbia. Nanga ifungwe omo (mbele ya chombo), isifungwe ubavuni kamwe, na kamba iwe mara tatu ya kina: penye mita 8, mita 24.

*Panapoharibika.* Kagua mtumbwi ukiwa bado mchangani. Bonyeza kwa kidole gumba viungo vya mbao chini ya mstari wa maji, pamba ikitoka, chagua mwingine. Hakikisha kuna kopo la kuchotea maji yanayoingia na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, na livaliwe, lisikaliwe kama mto. Mtumbwi mwembamba watu watatu wanatosha. Samaki akishika, asisimame mtu.

Tatizo lisilozungumzwa sana ni sangara wadogo. Ghuba ina wengi wa chini ya sentimita 50, na sangara anayevutwa haraka kutoka zaidi ya mita 10 tumbo linajaa hewa, hawezi kuzama tena. Unamrudisha akiwa hai, dakika kumi baadaye ni chakula cha ndege. Kwa hiyo wawili wa kwanza wakiwa wadogo, ng'oa nanga, hama. Akimeza ndoano, kata uzi karibu na mdomo, usivute matumbo. Na usimshike mkubwa kwa mashavu: vifuniko vya matamvua yake hukata kidole. Mshike mdomo wa chini kwa kitambaa. Vizimba vya sato vinavutia samaki wa nje kwa makombo ya chakula, na vinashawishi, lakini ni mali ya mtu na kamba zake za nanga hazionekani. Kaa mbali.

*Inamfaa nani.* Anayejua kuogelea, asiyeumwa na mawimbi, anayetaka samaki wa kula familia nzima, na anayekubali kuambiwa "leo hatuendi" na mwenye mtumbwi bila kubishana.

Njia ya tatu: mito na malambo ya Usukumani

*Mlango.* Mto Simiyu unaingia ziwani wilayani Magu, na huko nyuma, Misungwi, Magu na Kwimba, kuna malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo. Lambo lina mwenyewe, mara nyingi serikali ya kijiji, kwa hiyo mlango ni ofisi ya mtendaji. Kwenye midomo ya mito uliza kwanza sehemu za mazalia, maana zinalindwa.

*Majira.* Hapa majira ndiyo kila kitu. Mvua ikianza, kambale hupanda na maji hadi kwenye majaruba ya mpunga, na ningu hutoka ziwani kwenda kuzaa mitoni. Ningu walikuwa wengi zamani wakapunguzwa na nyavu zilizotandwa midomoni mwa mito wakati huohuo wa kuzaa. Ukimpata, mrudishe. Wakati bora ni wiki mbili tatu baada ya mvua kubwa, maji yakianza kusafika. Julai hadi Septemba mto unabaki madimbwi, na kambale waliokwama ni rahisi kuvuliwa, ila kumaliza dimbwi ni kumaliza mbegu ya mwaka ujao.

*Samaki na vifaa.* Kambale na kamongo, na sato malamboni. Mwanzi au mshipi wa mkono, uzi wa 0.5, ndoano namba 1 hadi 2/0, risasi inayolala chini bila boya, na chambo chenye harufu: utumbo wa kuku, ini, minyoo fundo zima. Jioni na usiku wa mapema ndiyo saa zake.

*Panapoharibika.* Udongo wa mbuga. Mvua ikinyesha ukiwa upande wa pili, pikipiki haitoki mpaka kesho. Kamongo ana taya la kuvunja mfupa wa kidole: kata uzi, mweke kwenye gunia, ndoano utaidai akishakufa. Kwenye lambo usimwage matumbo wala sabuni, ng'ombe na pengine watu wanakunywa hapo.

*Inamfaa nani.* Mwenyeji au mwenye ndugu kijijini, mpenzi wa kambale, na asiyependa mawimbi hata kidogo.

Njia ya nne: Rubondo

*Mlango.* Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, eneo la kilomita za mraba 456 hivi, nusu yake maji. Uvuvi wa biashara umezuiwa, na uvuvi wa burudani unaruhusiwa kwa kibali cha hifadhi. Kutoka Mwanza unapita daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, ambalo limefuta foleni ya kivuko. Kisha Sengerema na Geita, na boti ama kutoka Nkome, mwendo wa saa mbili hivi, ama kutoka Kasenda karibu na Muganza wilayani Chato, mwendo mfupi zaidi. Boti na kibali vipangwe mapema, na malipo ya hifadhi si ya fedha taslimu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chao, kwa hiyo beba kitambulisho.

*Majira.* Mambo ya tabaka za maji ni yaleyale, Oktoba hadi Machi sangara yuko juu zaidi. Ufukwe wa mashariki ni wa mawe na unapigwa na upepo wa Juni hadi Agosti. Wa magharibi una matete mengi na umejikinga.

*Samaki na vifaa.* Sangara mkubwa, na hapa vua kwa boti ya mashine inayoburuta chambo bandia taratibu sambamba na mawe. Fimbo imara, mashine ya kuzungushia yenye uzi wa kutosha, na kipande cha uzi mnene mbele ya chambo. Uliza kabla kama unaruhusiwa kumchukua samaki au ni picha na kumrudisha.

*Panapoharibika.* Mamba ni wengi, usinawe ukingoni. Kingine ni kupanga siku moja tu ya kuvua: upepo ukiila, umelipa safari yote bila kulowesha uzi. Weka siku mbili au tatu.

*Inamfaa nani.* Anayetaka pambano la samaki mmoja mkubwa na ana bajeti ya kulala hifadhini.

Na dagaa?

Wengi huuliza kama wanaweza kupanda na wavuvi wa dagaa usiku wa giza, mbalamwezi inapokwisha, wakaangalie taa. Kuona inapendeza. Kuvua ni kazi ya watu wenye leseni, chombo na wavu wao, mbali na ufukwe, katika saa zilezile za radi za ziwani. Haimo kwenye ulinganisho huu.

Kwa hali yako

Uko mjini, huna chombo, una asubuhi moja moja: mawe, mwaka mzima, na sato ndiye wako.

Mko watatu, mnaogelea, ni Novemba au Januari: mtumbwi ghubani, mmeshaongea na BMU jana yake. Ikiwa ni Aprili na upeo wa kaskazini ni mweusi alfajiri, hamisheni safari kwenye mawe, minyoo haiozi kwa siku moja.

Unakwenda kusalimia ndugu Magu au Kwimba baada ya mvua: beba mshipi wa kambale na utumbo wa kuku, anzia kwa mtendaji. Ukienda Agosti, acha mshipi nyumbani.

Umejikusanyia hela ya likizo: Rubondo, siku tatu, kati ya Oktoba na Februari. Ukiwa na wageni wasiovua, kisiwa kina sokwe na nzohe (swala wa majini), hawatakosa la kufanya.

Una watoto chini ya miaka kumi: mawe au lambo, mtumbwi hapana.

Na mwenye Jumamosi moja tu ya Agosti achukue mwanzi, awe kwenye upande wa jiwe uliokinga upepo saa 12 asubuhi, na saa 4 awe ameshakunja uzi.